Kwa Nini Kompyuta Haioni Neno Unaloliona: Mwongozo Kamili wa Kuandaa Matini ya Kiarabu kwa Elimu ya Ishara

Ustadhi mmoja wa Ujiji alikuwa na kurasa 40 za masomo ya madrasa ndani ya kompyuta. Nusu alizichapa mwenyewe, nusu alizipakua. Akatafuta jina علي. Kompyuta ikamjibu kwamba halimo. Jina lilikuwa mbele ya macho yake, mstari wa tatu. Akaanza upya, akabadilisha fonti, akazima mashine na kuiwasha. Jibu likawa lile lile.

Kisa hicho nimeletewa pia kutoka Mwanga na Kibirizi, hapa hapa Kigoma, na hata kutoka Tabora kwa simu. Kila mara mtu ameshahangaika siku nyingi na programu, wakati tatizo halipo kwenye programu. Ndiyo maana nimeandika mwongozo huu. Ukiufuata utapata matini ya Kiarabu unayoweza kuitafuta neno kwa neno, na orodha ya maneno iliyopangwa kwa mizizi, yaani herufi za msingi ambazo maneno ya ukoo mmoja hutokana nazo.

## Jambo moja la kushika kabla ya kugusa kibodi

Kompyuta haisomi. Inalinganisha nambari. Kila herufi ina nambari yake katika mfumo wa Yunikodi, na maneno mawili yakifanana kwa macho lakini yakatofautiana nambari moja tu, kwake ni maneno mawili tofauti.

Hapo ndipo semiotiki, yaani elimu ya ishara, inapotufaa. Ferdinand de Saussure, mwanaisimu wa Uswisi, alifundisha kwamba ishara ina pande mbili: kiashiria, yaani umbo unaloliona au kulisikia, na kiashiriwa, yaani dhana inayokujia akilini. Sisi tuna maneno ya kale kwa pande hizo, nayo tumeyapata kwa Kiarabu chenyewe: lafudhi na maana. Kompyuta inatuongezea upande wa tatu, msimbo, ambao msomaji hauoni kabisa.

Kazi yako katika kila hatua ni kujibu swali moja: tofauti hii inabadilisha maana, au ni pambo la mwandiko? Mashine haiwezi kukujibia. Ukilijibu vibaya, programu nzuri kuliko zote itakupa takataka.

## Vitu unavyohitaji

- Kompyuta yoyote inayofungua LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, hata kama kompyuta ni ya zamani.
- Fonti ya Kiarabu inayoonyesha kila alama vizuri. Amiri na Scheherazade New zote ni za bure.
- Kibodi ya Kiarabu iliyowashwa kwenye mipangilio ya lugha.
- Python 3, lugha ya bure ya kuandikia programu. Usiogope, utaandika mistari saba tu.
- Daftari la karatasi. Nasisitiza karatasi, kwa sababu utalihitaji wazi kando yako wakati kioo kimejaa matini.
- Mtu anayekijua Kiarabu vizuri, wa kumuuliza. Maalimu wa jirani anatosha.
- Flashi ya kuhifadhia nakala. Umeme ukikatika katikati ya kazi utanishukuru.

## Hatua ya 1: Tenga faili mbili

Hifadhi matini yako kama maandishi matupu, msimbo UTF-8 (namna ya kuhifadhi nambari za Yunikodi), kwa jina asili.txt. Weka nakala yake kwenye flashi. Faili hii haiguswi tena.

Kila usafi tutakaofanya utakwenda kwenye faili ya pili, tafuta.txt. Sababu ni kwamba tutafuta irabu na kuunganisha herufi, na baadhi ya vitu hivyo vina maana kwa msomaji. Faili ya kutafutia ni ya mashine, faili ya asili ni ya watu.

Onyo: kama matini ina aya za Qur'ani, usimpe mtu yeyote asome wala kuchapisha kutoka tafuta.txt. Andika onyo hilo hata kwenye jina la folda.

## Hatua ya 2: Fungua daftari la maamuzi

Chora safu nne: *ninachokiona*, *nambari yake*, *kinabadilisha maana?* na *nimeamua nini*. Chukua ukurasa mmoja tu wa matini, usome polepole, na uandike kila kitu kinachokutia shaka: alif yenye hamza na isiyo nayo, yaa ya mwisho yenye nukta na isiyo na nukta, mstari uliovutwa ili neno lijaze nafasi.

Wengi huruka hatua hii. Baada ya mwezi hukuta nusu ya matini imesafishwa kwa kanuni moja na nusu kwa nyingine, na hakuna anayekumbuka sababu.

Umefaulu ukiona: safu ya tatu ina "ndiyo" na "hapana" zote mbili. Ikiwa yote ni "hapana", rudi usome tena.

## Hatua ya 3: Tazama nambari iliyojificha

Fungua matini kwenye LibreOffice Writer. Weka kishale mara tu baada ya herufi unayoishuku, kisha bonyeza Alt na X kwa pamoja. Herufi itageuka kuwa nambari yake. Bonyeza tena, itarudi kuwa herufi.

Tulipofanya hivyo kwa ustadhi, yaa ya mwisho katika jina alilolichapa kwenye kisanduku cha kutafutia ilikuwa U+064A, yaa ya Kiarabu. Kwenye mstari wa tatu, katika nusu aliyoipakua, ilikuwa U+0649, yaani alif maqsura, ambayo ni yaa isiyo na nukta. Macho yake, yaliyosoma Kiarabu miaka mingi, yaliruka tofauti hiyo kwa sababu akili ilishajua maana. Hili si kosa la msomaji. Ndivyo ishara inavyofanya kazi kwa mtu: ukishaipata maana, umbo linapotea.

Kwenye kibodi ya Kiarabu ya Windows, ي iko kwenye kitufe cha D na ى iko kwenye kitufe cha N. Kuna na ya tatu, ی ya Kiajemi, nambari U+06CC, ambayo inaingia sana kupitia matini za kupakua. Ikiwa mwishoni mwa neno haionyeshi nukta, kwa hiyo inafanana kabisa na ى. Kaf nayo ina pacha: ك ya Kiarabu ni U+0643, ک ya Kiajemi ni U+06A9.

Angalia jinsi nukta ile ile inavyobeba uzito tofauti. Nukta moja chini ni ب, mbili juu ni ت, tatu juu ni ث. Ukiiondoa hapo umeua neno. Lakini nukta mbili za chini kwenye yaa ya mwisho, vitabu vingi vilivyochapwa Misri havizitii, na msomaji wa huko hapotei. Kwa hiyo usitunge kanuni kwamba "nukta ni muhimu" au "nukta si muhimu". Kanuni inahusu nukta hiyo, mahali hapo, katika matini hiyo.

## Hatua ya 4: Rudisha herufi kwenye umbo moja

Herufi ya Kiarabu hubadilika umbo kufuata jirani zake. Ain peke yake ni ع, ikiwa mwanzo ni عـ, katikati ni ـعـ, mwisho ni ـع. Mswahili hapaswi kushangaa. Tunasema *mtu* lakini *mwalimu*, na hakuna anayefikiri kwamba m- na mw- ni viambishi viwili. Jirani amebadilika, ishara ni ile ile.

Kompyuta inayofanya kazi vizuri huhifadhi ain moja, U+0639, na kuiachia fonti kazi ya kuchora umbo. Lakini programu za zamani na baadhi ya faili za pdf huhifadhi kila umbo kwa nambari yake. Ukikuta nambari zinazoanza na FE au FB, umepatwa na hilo. Neno utaliona zuri, utafutaji utagoma.

Dawa ni usawazishaji uitwao NFKC, ambao Python inao tayari. Utarudisha maumbo yote kwenye herufi mama, na utaifungua ﻻ kuwa lamu na alif.

Onyo la kwanza: alama ﷺ ni herufi moja kwa kompyuta. NFKC itaifungua kuwa herufi 18, صلى الله عليه وسلم, nafasi zikiwamo. Kwa kutafuta ni jambo jema. Kwa kuhesabu maneno, kumbuka kwamba hesabu itaongezeka.

Onyo la pili: baadhi ya pdf huhifadhi neno kinyumenyume. NFKC haitibu hilo. Nakili neno moja, angalia nambari ya herufi yake ya kwanza kwa Alt na X. Ukikuta ni ya mwisho, mwombe aliyeichapa faili ya awali, au ichape upya. Nimewahi kujaribu kuigeuza faili ya namna hiyo kwa ujanja, nikapoteza siku nne.

## Hatua ya 5: Irabu

Fataha, kasra, dhumma, sukuni, shadda na tanwini zina nambari kuanzia U+064B hadi U+0652. Matini ya madrasa huwa nazo, magazeti na barua huwa hazina. Kama utachanganya vyote viwili, kompyuta haitaviona kuwa sawa.

Je, irabu zinabadilisha maana? Ndiyo, sana. Chukua herufi tatu hizi: علم. Zikitiwa irabu zinaweza kuwa *ilm*, elimu; *alam*, bendera; *alima*, alijua; *allama*, alifundisha. Bila irabu, msomaji huchagua kwa kuangalia maneno ya jirani.

Hata hivyo nashauri uziondoe kwenye faili ya kutafutia. Mtu anayetafuta hachapi irabu, na ni afadhali apate maana nne achague, kuliko asipate kitu. Irabu zimo salama kwenye asili.txt. Ondoa pia mstari wa kuvuta neno, U+0640, ambao ni pambo tupu.

Kwenye mwandiko wa Msahafu kuna mtego. Neno *al-kitabu* huandikwa ٱلْكِتَٰب, na alif yake ni ile ndogo ya juu, U+0670. Ukifuta alama zote za juu unabaki na الكتب, ambayo msomaji wa leo ataisoma *al-kutub*, vitabu. Kitabu kimoja kimekuwa vingi kwa sababu ya alama uliyoidhani pambo. Kwa matini ya namna hiyo, tengeneza orodha ya mkono ya maneno yenye alif ndogo, na uyaandike kwa tahajia ya kawaida kwenye faili ya kutafutia.

## Hatua ya 6: Alif, taa, na yaa

Alif zenye hamza au madda (أ إ آ) na alif ya kuunganisha ٱ ziunganishe zote kuwa ا. Watu huziandika kwa uzembe, na mtafutaji naye ni mzembe. Utapoteza tofauti ya *inna* na *anna*, lakini kwa kutafuta haiumizi.

Taa ya mwisho ة na haa ه: ziunganishe kama matini ina مدرسة na مدرسه kwa pamoja. Kama mchapaji alikuwa makini, ziache.

Yaa ndiyo ngumu. Ukiunganisha ى na ي, unaunganisha على, "juu ya", na علي, Ali. Kwa Kiarabu *ala* ni neno linalotokea karibu kila mstari. Katika nyumba za Ujiji kina Ali ni wengi, na mtu anayetafuta barua za babu yake Ali hataki kuletewa kila "juu ya". Uamuzi wangu ni kutoziunganisha. Pitia majina ya watu kwa mkono, weka nukta pale zinapokosekana, na andika kwenye daftari kwamba umefanya hivyo.

## Hatua ya 7: Endesha programu

Fungua IDLE, dirisha la kuandikia linalokuja na Python, andika mistari hii, hifadhi kwa jina safisha.py kwenye folda ile ile yenye asili.txt, kisha bonyeza F5.

```
import re, unicodedata
t = open("asili.txt", encoding="utf-8").read()
t = unicodedata.normalize("NFKC", t)
t = re.sub("[\u064B-\u0652\u0670\u06D6-\u06ED\u0640\u200E\u200F]", "", t)
t = re.sub("[\u0622\u0623\u0625\u0671]", "\u0627", t)
t = t.replace("\u06CC", "\u064A").replace("\u06A9", "\u0643")
open("tafuta.txt", "w", encoding="utf-8").write(t)
```

Mstari wa nne hufuta irabu, alama za usomaji za Msahafu, mstari wa kuvuta na alama mbili fiche za mwelekeo wa maandishi. Wa tano huunganisha alif. Wa sita hugeuza yaa na kaf za Kiajemi.

Marekebisho yote ya mkono, yale ya hatua ya 5 na ya 6, yafanye baada ya programu kumaliza, ndani ya tafuta.txt, na uyaorodheshe. Ukiiendesha programu tena, itaandika faili upya na marekebisho yatafutika.

## Hatua ya 8: Viambishi

Neno وسيكتبونها ni sentensi nzima: *na wataiandika*. Sisi tunalielewa haraka kwa sababu lugha yetu inafanya hivyo hivyo. Katika *wataiandika* kuna mtenda, wakati, mtendwa na kitenzi. Ukitafuta "andika" kwenye kamusi hutaanza na *wa-*.

Kishawishi ni kukata و ya mwanzo kila unapoiona, kwa sababu ni "na". Usifanye hivyo. ولد, mtoto, litabaki لد, ambalo si mtoto wala kitu. بيت, nyumba, ukiikata ب kwa kudhani ni "kwa", utabaki na يت. Ni sawa na mtu kukata *ki-* katika *kitabu* akitafuta shina *-tabu*. Kwa sauti inafanana na kiambishi, kwa asili ni sehemu ya neno.

Kwa matini fupi, kata kwa mkono huku ukimuuliza maalimu. Kwa matini ndefu, tumia programu ya CAMeL Tools ya New York University Abu Dhabi, ambayo ni ya bure na hulinganisha kila mkato na kamusi yake. Itakupa majibu kadhaa kwa neno moja, nawe utachagua.

## Hatua ya 9: Mizizi

Sasa panga maneno kwa mizizi. Mwanafunzi wa hapa ana faida kubwa, kwa sababu mizizi mingi anayo kinywani. Kutoka ك ت ب ana *kitabu*, *katibu*, *maktaba*. Kutoka ع ل م ana *elimu*, *mwalimu*, *maalumu*, na pia *alama*. Nilipolionyesha hili darasani, kijana mmoja alirudia "alama, elimu" kwa sauti ya chini mara tatu, kisha akaomba chaki akaandike mwenyewe.

Lakini mzizi si maana. Charles Sanders Peirce, mwanafalsafa wa Marekani, aligawa ishara katika makundi matatu: ikoni, inayofanana na kitu chake; indeksi, inayoelekeza kwenye kitu hicho; na simboli, inayotegemea mapatano ya watu. Simama Kibirizi usiku usio na mwezi. Ukiona safu ya taa ziwani unajua wavuvi wa dagaa wako kazini. Taa hazifanani na dagaa, wala haziwezi kukuambia wavu umejaa au mtupu. Zinakuonyesha upande wa kutazama. Mzizi ni taa ya namna hiyo: unakupeleka kwenye ukoo wa neno, kisha lazima usogee karibu.

Maneno yakivuka lugha, mapatano nayo hubadilika. *Maktaba* kwa Mwarabu inaweza kuwa duka la vitabu. *Hadithi* kwetu ni kisa chochote cha jioni, kwa Kiarabu ni mazungumzo, na katika dini ni mapokezi kutoka kwa Mtume. Kwenye orodha yako weka safu mbili za maana, ya Kiarabu na ya Kiswahili, na usizichanganye.

## Ukiwa na Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu

Barua za zamani kwenye masanduku ya familia za Ujiji na Tabora zinahitaji uangalifu wa peke yake. Kwa mtindo wa kale, ب moja ilibeba b, p na mb, hivyo بَتَ inaweza kuwa *bata*, *pata* au *mbata*. Kasra ilibeba i na e, dhumma ilibeba u na o. Usiifute irabu hata moja kwenye barua hizi, na usiiendeshee programu ya hatua ya 7. Andika mstari wa Kiarabu kama ulivyo, na chini yake mstari wa herufi za Kirumi kama mzee wa familia anavyousoma. Utafutaji ufanywe kwenye mstari wa chini.

## Hatua ya 10: Jaribu kwa hesabu

Chagua maneno kumi, yakiwemo majina mawili ya watu. Yahesabu kwa macho kwenye kurasa tatu za karatasi. Kisha yatafute kwenye tafuta.txt, kurasa zile zile.

Kompyuta ikipata machache kuliko macho, kuna herufi pacha haijaunganishwa: rudi hatua ya 3. Ikipata mengi, umeunganisha ishara mbili zenye maana mbili: rudi hatua ya 6. Hesabu zikilingana kwa maneno yote kumi, endelea na kurasa zilizobaki.

Kwa ustadhi, macho yalihesabu Ali mara 7, kompyuta ikaleta 9. Mbili za ziada zilikuwa على zilizochapwa kwa yaa ya Kiajemi, na mstari wa sita wa programu ulikuwa umezitia nukta. Tulizirudisha kwa mkono, tukaandika uamuzi daftarini, tukatafuta tena: 7. Ndipo akafungua ukurasa wa nne.